Saini ya Mzazi

Apolonia alikuwa na miaka arobaini na saba, mjukuu mmoja na magoti yanayolalamika kila apandapo ngazi, siku alipochaguliwa kujiunga na chuo cha uuguzi Iringa. Kwa miaka ishirini alikuwa mhudumu wa zahanati moja ya Mbalizi. Alideki, alipima watoto uzito, na kila Septemba aliwagawia vikopo vya mkojo vijana waliokuja kupima afya kabla ya kwenda vyuoni. "Msijaze sana," alizoea kuwaambia, "daktari hanywi."

Mwaka huu kikopo kilikuwa chake. Daktari Joachim, kijana ambaye chai yake ya saa nne huletwa na Apolonia, aliisoma fomu akakohoa. Fomu ilitaka kila mwanafunzi wa kike apimwe ujauzito.

"Mama Vitus, samahani. Ni utaratibu."

"Pima tu, baba. Na mimi nijue."

Vitus, mwanawe wa pekee, ndiye aliyejipa kazi ya kumwandaa. Nyumbani yeye ndiye mtaalamu wa mambo ya chuo: ana shahada ya maendeleo ya jamii, na huu ni mwaka wa tatu anauza makava ya simu Mwanjelwa. Alimzungusha mama yake sokoni nusu siku nzima, wakanunua godoro jembamba, ndoo ya mfuniko, fagio na viatu vyeusi visivyo na kisigino, huku akimhutubia.

"Chuo siyo mchezo, mama. Usifuate makundi. Wewe shika kitabu tu, maisha utakuwa umeyamaliza." Simu yake ikaita, mteja alitaka kava. "Subiri kidogo," Vitus akamjibu, "niko na mwanafunzi."

Apolonia alisikiliza kwa adabu. Hotuba ile aliitunga mwenyewe, akampa Vitus pale stendi alipokwenda chuo miaka sita iliyopita, neno kwa neno.

Kikabaki kipengele cha mwisho: saini ya mzazi au mlezi. Vitus akachomoa kalamu haraka.

"Weka hiyo kalamu," Apolonia alisema. "Mzazi ninaye."

Mzazi aliishi kijijini Nyololo, njiani kwenda Iringa. Apolonia aliteremka kwenye basi na godoro kichwani, akamkuta mama yake, Bibi Tekla, anapukuchua mahindi uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Godoro la nini? Umefukuzwa?"

Apolonia akaeleza, akamnyooshea fomu. Bibi Tekla aliitazama muda mrefu. Fomu kama ile iliwahi kufika nyumba hii, mwaka Apolonia alipomaliza kidato cha nne. Baba yake aliichomeka darini, akasema mchumba wa Mbalizi amekwishakuja, karatasi haiolewi. Siku zile Bibi Tekla hakujua kusoma, na hakuulizwa.

Sasa alijua kuandika jina lake. Alifundishwa parokiani, kwenye darasa la akina mama, akiwa na miaka sitini na tisa. Akafuta mikono, akaishika kalamu kama mwiko, akaanza. Herufi zilitoka kubwa, zimelala upande, zikavuka mstari wa mzazi na kuingia palipoandikwa "kwa matumizi ya ofisi tu". Alipomaliza hakuiachia fomu.

"Kabla sijakupa. Wavulana."

"Mama!"

"Nasema wavulana. Ukirudi hapa na mimba, mimi simo."

"Mama, nimepimwa juzi."

"Juzi siyo leo."

Apolonia akaahidi. Ndipo akapewa fomu, na viazi vya kuchemsha vya kula njiani.

Kesho yake alasiri alikuwa bwenini Iringa, kitanda cha chini. Kitanda cha juu kilikuwa cha Happy, binti wa miaka kumi na minane kutoka Mafinga, ambaye hata sanduku hajalifungua, analia kwa kwikwi. Apolonia akatandika shuka, akainuka kumtuliza.

"Nyamaza, mwanangu. Mama yako yupo, utamwona likizo..."

Hapo akamwona Bibi Tekla vile alivyomwacha, amesimama kando ya lami, anapunga mkono kwa basi lililokwisha kupita. Akajikuta analia naye, tena kwa sauti kumshinda mtoto.

Matroni, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, akachungulia mlangoni.

"Nyie wawili! Mnawalilia mama zenu?"

"Ndiyo, matroni," Apolonia akaitikia.

"Basi nyamazeni. Mtazoea."