Pete Niliyomchorea Haroub

Hebu nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka nyie, maana nnajua video mshaiona, na anayesema hajaiona muongo, Unguja hii hakuna simu ambayo haikupitiwa na uso wangu huku mkono wa mume wangu umenasa kichwani. Aibu niliyoipata siku ya harusi yangu sikuletewa na hasidi wala na jini. Niliichora mwenyewe kwa penseli.

Mnanijua. Mwenzenu nlikuwa kila nikienda harusini naitazama pete ya bwana harusi nabetua mdomo, kile kiduara cha dukani, wamevaa wote sawasawa kama wamegaiwa (na mashada ya maua yao ya plastiki, na keki ambazo hata sukari hazina, lakini hayo tuyaache). "Hivi watu hawa hawana akili ya kubuni kitu chao?" namwambia dada yangu Raya, naye ananijibu, "Salma, watu wanakwenda kuoana, hawendi maonyesho." Nikamuona mshamba.

Basi nilipoposwa na Haroub, kijana wa Bwejuu, mpole hata ukimkanyaga yeye ndiye anayekuomba radhi, nikasema pete yake nnaibuni mie. Ya fedha, maana dhahabu mwanamme havai, na iwe na sura ya mlango wa Kizanzibari, nakshi pembeni, na juu ile misumari iliyochongoka iliyopangwa safu. Nikaupeleka mchoro kwa sonara mmoja wa Mji Mkongwe, Bwana Kanti, bwana ambaye nahisi tangu azaliwe hajapata kumwambia mtu hapana. "Nzuri sana, binti. Tutaweza." Kila nikirudi na wazo jipya, nzuri sana, binti, tutaweza. Haroub naye nikimtumia picha ananijibu neno moja, "Nzuri." Na mie kifua mbele, naona nimezungukwa na watu wenye macho.

Pete ilipokuwa tayari ilikuwa nzuri kweli, nisiseme uongo, misumari imelala, ukiipapasa laini. Ningeichukua nikaenda zangu, leo ningekuwa mtu na heshima yangu. Lakini nikaiweka mbele ya simu, nikaona misumari haionekani vizuri. "Bwana Kanti, hii inyanyue kidogo, na ncha ziwe kali." Hata hakuuliza kwa nini. Akainyanyua.

Na kwa nini nliitaka hivyo? Picha, shoga zangu! Ile picha moja tu, bwana harusi katoka msikitini kufunga nikaha, kaletwa nyumbani, kaingia chumbani alipokaa biharusi na wanawake, kamwekea mkono wa kulia kwenye paji la uso anamwombea dua. Wenzangu wanawaza ile dua, mie nnawaza pete itatokaje. Nikaipeleka kwao Haroub na amri juu yake, aje ameivaa, na mkono uwe wa kulia.

Tena kulikuwa na jambo jengine lililonikaa rohoni. Mama yake Haroub, Bi Zeyana, alishasema huko kwao kwamba mwanawe anachukua mke mjuvi, na maneno hayo yalinifikia mpaka sebuleni. Yaliniuma. Nikaapa siku ya harusi atanikuta nimetulia, macho chini, mdomo umefungwa, mpaka arudi Bwejuu akasema kumbe binti wa watu ana haya zake. Hilo nililitaka kuliko hata hiyo picha.

Siku ikafika. Nimekaa, nimepambwa, shela la lesi limenifunika nusu ya kichwa, mbele nywele zimetunishwa na kupuliziwa dawa, na asumini zimetungwa kwenye uzi zikazungushwa humo humo. Chumba kimejaa wanawake, madirisha yote nimeyazibisha kwa vitambaa vya mapambo (wazo langu tena hilo, mapambo lazima yaendane). Mara mtu anapiga kelele mlangoni, "Jistirini, bwana harusi anaingia!" Ikawa kila mmoja anavuta buibui, anavuta kanga, aliyekosa kajifunika kitambaa cha meza.

Haroub kaingia na joho lake, jasho linamtiririka. Badala ya paji la uso mkono kauweka juu zaidi, pale pale kwenye lesi na asumini na nywele. Kasoma dua yake vizuri, watu wakaitikia amin, vigelegele vikapigwa, mpiga picha kapiga. Halafu Haroub kauondoa mkono wake, na kichwa changu kikaenda nao.

"Mapenzi hayo!" kasema mtu, watu wakacheka. Kavuta tena. Safari hii niliguna, maana misumari ilikuwa imeshika lesi, na lesi imeshika uzi wa asumini, na uzi umeshika nywele zangu tangu mzizini. "Toa kidole basi, uiache pete," Raya kamwambia. Kidole hakitoki! Maana kipimo cha pete hiyo, jamani, mie nilikikisia kwa macho siku moja nikimtazama kashika kikombe cha chai, na asubuhi ile masikini wa Mungu aliiingiza kwa sabuni. Sasa kidole kimevimba, chekundu.

Raya kaleta mafuta ya nazi. Kamimina. Kidole wala hakikusogea, lakini mafuta yalishuka kwenye paji, yakachukua wanja, yakachukua poda, yakaingia kwenye gauni. Na wanawake wote wale wako ndani ya mabuibui, hakuna anayeweza kujifunua kwa sababu mwanamme yumo chumbani, na hewa hakuna. "Mtoeni huyo bwana, tunakufa na joto!" kapiga kelele mmoja. "Atoke vipi na kichwa cha mtu?" kajibu mwengine. Chini wanaume nao wanaita, "Haroub! Yakhe, hujamaliza tu dua? Magharibi hiyo!" Na simu zote juu, wanajifunika nyuso kwa mkono mmoja na kurekodi kwa mkono wa pili, hawana hata haya.

Bi Zeyana ndiye aliyesimama akaja na mkasi. "Zikatwe nywele," kasema, "nywele zitaota." Raya kasema hapana, ikatwe pete. Hapo, shoga zangu, mie niliyekuwa nimetulia, macho chini, mdomo umefungwa, nilinyanyua uso na mafuta yangu na wanja wangu mashavuni nikapiga ukelele uliofika mpaka barazani:

"Ole wake atakayeigusa pete yangu! Kateni nywele, kateni shela, kateni hata kidole!"

Bi Zeyana kaushusha mkasi taratibu.

"Kidole cha mwanangu?" kaniuliza.

Ningekuwa na pahala pa kwenda ningekwenda, lakini nlikuwa nimefungwa kwenye mkono wa mwanawe. Haroub kainama mpaka sikioni mwangu, na maneno ya mwanzo aliyonambia mume wangu, nje ya dua, ni haya:

"Salma, ikate tu. Mie pete sivai."

"Huvai vipi?"

"Kazi yangu ya umeme. Haturuhusiwi chuma mwilini, utakufa. Ningeivua hapo hapo nikitoka."

"Sasa kwa nini hukunambia?"

"Nlikuogopa."

Hayo hayamo kwenye video, alhamdulillahi, alinong'ona. Lakini ndiyo yaliyonichoma. Kumbe zile "nzuri" zake zote zilikuwa za mtu anayeogopa kubisha! Mie nakwenda kwa sonara, nawauliza shoga zangu, namuuliza mpiga picha, hata muuza asumini wa Darajani nilimuuliza pete inapendeza, na aliyekuwa aivae sikumuuliza hata kama anavaa. Nililia hapo hapo, kwa sauti, watu wakadhani nalilia nywele.

"Ikatwe," nikasema.

Raya kateremka chini kwa wanaume. "Nataka koleo, upesi!" Sasa hebu fikirini nyie: bwana harusi kaingia kwa mkewe, watu wanangoja atoke, anatoka mwanamke mbio anataka koleo. Walicheka mpaka mmoja, nimeambiwa, alikaa chini barabarani. Koleo likatoka kwenye gari ya Haroub mwenyewe, la kukatia waya. Bi Zeyana kanilaza kichwa mapajani kwake, kanishika mashavu na mafuta yake yote, na Haroub kwa mkono wa kushoto kaikata pete yangu chini, pale ilipokuwa nyembamba. Ta! Miezi yote ile, ta, imekwisha. Na nywele zikakatwa vile vile, maana misumari haikutaka kuachia, nikaenda fungate Matemwe na upara wa kiasi cha sarafu juu ya paji.

Nilipokuwa nimelala pale mapajani nilimwambia Bi Zeyana, "Nisamehe, mama." Kanijibu, "Mwanangu nnamjua, hatakugombeza hata siku moja. Atanyamaza tu. Sasa wewe ndiye utakayekuwa na kazi ya kumuuliza." Hakunisifu haya zangu, na haki yake, lakini mkono wake hakuutoa kichwani kwangu mpaka Haroub alipotoka na wanawake wakaanza kuvua mabuibui.

Basi namuuliza. Chai itiwe iliki au isitiwe, pazia liwe rangi gani, twende kwetu au kwao, na nikiona anasema "nzuri" upesi upesi namkalisha kitako mpaka aniambie kweli. Juzi tu kakataa samaki wangu wa nazi kwa mara ya mwanzo, kasema chumvi imezidi, nami nilinuna, halafu nikaenda jikoni nikacheka peke yangu kwa furaha. Na wiki iliyopita kaja binti wa jirani na karatasi yake, kachora pete ya mchumba wake, ina jahazi na karafuu na sijui nini, anataka nimpeleke kwa sonara. Nikamuuliza, "Mwenyewe anasemaje?" Kanambia, "Aa, hajui, sapraizi!" Nilimnyang'anya karatasi, nikamfungulia mlango, nikamwambia asirudi kwangu mpaka kijana wa watu asikie kwanza atakachovalishwa.