Unyoya wa Bibi

Mama mdogo hanipigii simu kwa jambo jepesi. "Njoo na hadubini yako," aliniambia siku hiyo. "Watoto wamerudiwa na ugonjwa." Watoto ni viwavi wake wa hariri. Mimi ni mtu wa maabara ya zahanati. Kutwa nachungulia vinyesi vya watu nikitafuta minyoo, halafu siku yangu ya mapumziko nikachungulie wadudu! Nilinung'unika njia nzima, lakini nilikwenda.

Majirani humwita Mama Viwavi, na wala haimkeri. Hakujaliwa kuzaa. Bibi alipofariki alimwachia chumba cha nyuma chenye trei za mbao, uzao wa viwavi wanaosuka hariri ya manjano ambao hakuna mwingine anao, na unyoya mmoja wa bata. Kiwavi akianguliwa ni mdogo kuliko punje ya ufuta. Ukimshika kwa kidole umemuua. Hufagiwa taratibu kwa unyoya hadi kwenye majani ya mforosadi. Unyoya ule ulikuwa umechakaa kama mswaki wa zamani, na ole wako uuguse.

Ugonjwa wenyewe ni wa vidudu visivyoonekana kwa macho. Kiwavi hutokwa na madoa meusi kama pilipili manga, hudumaa, hufa kabla ya kusuka. Akiponea chupuchupu akawa nondo, huwapa wanawe ugonjwa ndani ya yai. Watu wa kituo cha mbegu walimshauri achome wote, aanze upya na mbegu yao, yaani mayai yao. Aliwafungia mlango.

"Nichome uzao wa mama yangu? Labda waanze na mimi!"

Daktari wa mifugo alimpa dawa ya unga huku akikuna kichwa. "Mama, mimi ni wa ng'ombe. Tujaribu tu." Basi mama mdogo akaikoroga kwenye maji, akachovya majani, akayaanika kivulini moja moja, maana jani likiwa na maji huwaharisha. Walipolala kujivua ngozi hakuwapa, kwa kuwa wakilala hawali, dawa ingepotea bure. Na walichangamka, wakasuka! Kila nondo alitagia chini ya kikombe chake, kisha nikamsaga na kumpima. Mwenye vidudu, mayai yake motoni. Tulibakiza ya wazima tu, na bado watoto wao walitoka madoa. Mara mbili! Ndipo akanipigia simu ile.

Sasa yalibaki mayai ya nondo wanne, na dawa kidogo chini ya kopo. Haya yakiharibika, uzao wa bibi umekwisha. Nilipima majani, nikapima trei. Safi. Nikapandwa na hasira. Watoto walikuwa wameanza kuanguliwa, na mama mdogo akachukua unyoya.

"Hebu subiri. Huo umewahi kuuchemsha?"

"Trei nachemsha, vikombe nachemsha. Huu wa mama, nao niuchemshe?"

Niliusuuza kwenye glasi ya maji, nikaweka tone kwenye kioo cha hadubini. Loo! Vidudu tele, vimesongamana. Kila uzao ulikuwa umefagiwa kwa unyoya huo huo, wagonjwa na wazima. Nikamwambia. Alikaa kitako sakafuni.

"Kumbe mimi ndiye nilikuwa nawaua."

"Si wewe, mama mdogo."

"Ni nani basi?"

Nilimhurumia. Nikasema tuuchemshe, na kwa kuwa ulivyochakaa hata kuchemsha hakuaminiki, uwekwe tu kama kumbukumbu.

"Ukibaki nitautumia. Najijua."

Akautia motoni mwenyewe. Ulinuka vibaya. Halafu akanawa mikono, akaenda kuchomoa mwingine kwa bata wa jirani, bata akapiga kelele mtaa mzima, akarudi akauchemsha. Watoto walifagiwa kwa huo, wakalishwa dawa iliyobaki.

Nondo walipotaga nilirudi. Nilimsaga wa kwanza, mama mdogo amesimama nyuma yangu, pumzi yake shingoni mwangu.

"Safi," nikasema.

"Angalia vizuri. Wewe tangu utotoni una haraka."

Siku nyingine ningemjibu. Nikaangalia upya, pembe hadi pembe.

"Safi, mama mdogo."

Mkono wake ulikuwa begani kwangu. Alikuwa analia.

"Angalia tena," akasema.

Nikaangalia tena.