Neno "Hakujibu" Niliandika Mimi

Leo nimekutana na uongo wangu kwenye ripoti ya utafiti.

Mwanafunzi wa chuo amenifuata hapa Karatu na nakala yake. Utafiti ni wa miaka ya sabini, kule Ngorongoro, kijiji cha Kakesio. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani.

Akaniuliza, "Babu, huyu mama wa Kakesio mbona hakujibu swali la shamba?"

Alijibu, ndugu zangu. Alijibu asubuhi nzima.

Alitueleza kwamba ukame ulipokausha maziwa ya ng'ombe, watoto wake waliponea mahindi ya kijishamba nyuma ya boma. Akatusihi tuwaambie wakubwa wasimzuie kulima.

Mtafiti akaniambia, "Fomu inataka ekari tu. Hayo mengine hayana pa kuandikwa."

Yule mama hakujua habari za ekari. Nikaandika: Hakujibu.

Akaniuliza kwa Kimaasai kama maneno yake nimeyaandika yote. Nikamwambia, "Ndiyo, yeyo," kama nilivyokuwa nikimwita mama yangu mzazi.

Baadaye kilimo kikapigwa marufuku kule. Sisemi ni kwa ajili ya fomu yangu. Lakini nilijua alichosema, nikakaa kimya.

Leo nimemsimulia kijana yote. Akashusha kalamu.

"Msimamizi wangu atataka ushahidi, Babu."

"Basi andika kwamba mkalimani alidanganya. Weka na jina langu."

Ameliandika.

Yule mama alishafariki, lakini binti yake bado yuko Kakesio. Nyie mngekuwa mimi, mngeanzaje kumwambia?