Kiraka cha Mama Mara Thelathini na Sita

Mimi ni mshoni wa kofia, na mshoni wa kofia hapendi kufundishwa kushona. Kwa hiyo mwalimu wa kompyuta, mwanamke wa bara aliyepanga chumba kwetu hapa kisiwani Amu, aliponiambia ana programu ya kubuni mifarishi ya vipande vya nguo, nilimcheka. Kisha nikamwomba anifundishe, kwa ajili ya Mama.

Kusi ikivuma Mama huona baridi, nami nilitaka kumshonea mfarishi kwa leso zake kuukuu. Alikataa. Zimebaki tatu tu, alisema, na nguo ikishakatwa hairudi. Mwishowe alilegea kidogo: nimwonyeshe kwanza utakavyokuwa, ndipo aamue. Nilijaribu kwa kalamu na karatasi, ikawa aibu tupu.

Mwalimu alinionyesha namna ya kupiga leso picha, kuiingiza ndani ya programu na kuikata kwa kipanya. Wiki nzima kipanya kilinitoroka, nami nikakitukana. Nilichokipenda ni kitufe cha kurudisha nyuma: unakata, unajuta, unabonyeza, leso nzima kama zamani. Mwalimu alisema kingefaa hata kwenye ndoa.

Kosa langu lilitokana na kofia. Kofia huichori yote. Unachora ua moja, na mengine yanalifuata mzunguko mzima. Nami nikakata kipande kimoja, nikabonyeza pa kurudia, vikajipanga thelathini na sita. Sikuwa nimeangalia vizuri. Kwenye kipande kile palikuwa na tundu lililotiwa kiraka, na sasa mfarishi wote ulikuwa kama mtu mwenye ndui.

Mama alikuwa ameketi kando yangu, mwalimu nyuma yetu. Ana mtoto wa jicho, lakini picha ilikuwa kubwa, akakiona. Nilitahayari, nikamwambia nitakiondoa, nitakata panapofaa tu. Akanishika mkono.

"Usikitoe, mwanangu. Hapo paliungua kwa kaa la moto. Ulikuwa mgongoni kwangu, likapita kando ya mato yako."

Nikajigusa jicho. Umri wote huu sikuwahi kuambiwa. Akauliza katika vile vingi kipi ndicho chenyewe, nikamwambia vyote ni kimoja. Akafikiri.

"Basi wata kimoya, ukiweke kati. Leso zilizosalia kata."

Nilifurahi hata nikamkumbatia mwalimu badala ya Mama. Asubuhi ya pili Mama alizileta leso mwenyewe, zimekunjwa, mkasi juu yake. Nilipima mara tatu ndipo nikakata, maana mkasi hauna kitufe cha kurudisha nyuma.

Mfarishi ukatoka, tena mzuri, nasema mwenyewe. Kila akijifunika, Mama hukitafuta kile kiraka kwa vidole. Akikikosa, huniita mimi.