Gundi ya Masijala

Kwa kuwa mkasa wangu umekwishasimuliwa kimakosa kuanzia Magamba hadi Mlola, na kwa kuwa wapo wanaodai kwamba nililia mbele ya kina mama (sikulia, lilikuwa vumbi la mashine), naona ni wajibu wangu kuuweka sawa mwenyewe, ingawa hadi leo nikifika njia ya mashineni huzunguka kwa nyuma.

Mke wangu na mjukuu wetu Neema wana ugonjwa wa siliaki: ngano kidogo tu ikiwaingia tumboni, wanaugua. Daktari alipotueleza hayo, mkwe wangu Upendo, mke wa mwanangu Elisha na mama yake Neema, aliondoa chapati na maandazi nyumbani, akawa anapika ugali, makande, ndizi na viazi, na mtoto akaanza kunawiri. Kwa maoni yangu kasoro ilibaki moja tu: jiko halikuwa na kumbukumbu za maandishi.

Nilitumikia masijala ya serikali hadi kustaafu, na kustaafu kumenichosha kuliko kazi yenyewe. Basi siku moja Upendo akiwa shambani kwenye kabichi, nikavuka mpaka ambao baba mkwe wa Kisambaa havuki, nikaingia jikoni kwake na kubandika karatasi ubavuni mwa debe la unga, ndani ya mifuniko (zisishike masizi), hata kwenye mpini wa mwiko: HAKUNA NGANO. Herufi kubwa, mistari imenyooka.

Wiki hiyohiyo mke wangu na Neema wakalala chini kwa maumivu ya tumbo. Nikaitisha kikao.

"Upendo, ngano imeingiaje?"

"Baba, sijui. Sijaigusa."

"Neno 'sijui' haliandikwi kwenye muhtasari."

Akainamisha macho, akasema kwa adabu iliyonichoma, "Basi baba, kama siaminiki, nitamchukua mwanangu turudi kwetu Mlola."

Mke wangu akaita kutoka kitandani, "Baba Elisha! Mjukuu wangu akiondoka, nawe utajipikia!"

Kwa kuwa Upendo alikana na mimi sikuweza kuwa na kosa, mkosaji alikuwa mwenye mashine ya kusaga. Asubuhi yenye ukungu mzito nikabeba debe langu kama kielelezo, Upendo akifuata nyuma, na mbele ya foleni nzima nikatangaza kwamba mashine ile inachanganya ngano na mahindi ya watu.

"Shikamoo mzee," akasema Mama Rehema, mwenye mashine, bila kupandisha sauti. "Mashine hii ngano haijawahi kuiona."

Akalipokea debe. Karatasi ilikuwa imelowa ukungu, ikamganda vidoleni. Akaibinyabinya.

"Gundi gani hii, mzee?"

"Gundi ya masijala," nikamjibu kwa fahari. "Hizi za dukani hazidumu. Unapika uji mzito, unakoroga mpaka uvutike, ukipoa unabandika."

"Uji wa unga gani?"

Nikaanza kuikagua karatasi upya.

"Mzee wangu, unga gani?"

"Wa ngano," nikasema. "Nusu kilo. Niliununua mwenyewe."

Mama mmoja alicheka hadi akaketi juu ya gunia lake. Lakini aliyenimaliza ni Upendo, aliyeuliza polepole nyuma yangu, "Na uliupikia wapi, baba?"

Katika sufuria ya ugali. Kwa mwiko wa ugali. (Mwiko uleule nilioubandikia karatasi, ili mvuke wa kila ugali uyeyushe gundi, nayo ichuruzike sufuriani chini ya maneno HAKUNA NGANO.)

Nilikuwa nimemtuhumu Upendo kikaoni na Mama Rehema mbele ya foleni, kwa hiyo mbele ya watu nilivua kofia nikawaomba radhi wote wawili. Hapo ndipo vumbi liliponiingia machoni.

Upendo hakwenda Mlola. Alichoma mwiko na karatasi zote, akanunua sufuria mpya na mifuniko mipya, na Neema amerudi kukimbia uani. Nami nimeapa kutobandika kitu tena maishani. Mlangoni mwa jiko sasa kuna tangazo kwa mwandiko wa mkwe wangu: BABA MWISHO HAPA. Nimelikagua. Limefungwa kwa uzi.