Kengele ya Tatu

Mpiga kengele wa parokia ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka hugonga rimu kuukuu la gari kwa nyundo, mara tatu kabla ya misa. Baada ya kengele ya pili hupangusa kiganja kwenye suruali, kisha hutazama njia. Zamani alikuwa akimngojea mama mzazi wa Annonciata, mwenye mguu mbovu, ndipo agonge ya tatu. Mama alizikwa mwezi uliopita. Jumapili hii Annonciata amerudi misani peke yake. Alipokaribia kanisa akataka kugeuka. Ndipo alipoona nyundo imesimama hewani.

“Kuya, mama!” mpiga kengele akamwita Annonciata aje. “Padiri ananiangalia mubaya.”

“Papa, unangojea nani?” Annonciata akamwuliza. “Mama hayuko tena.”

“Mi najua. Leo ni we njo nakungojea.”

“Aksanti, papa.”

Akafuta machozi, akaingia. Nyuma yake rimu likalia.