Bernardo na Uji wa Jumapili

Enzi za Mwingereza, Bernardo aliwapikia manamba wa shamba moja la mkonge kule Mnyuzi, na hakuna sufuria iliyoepuka ulimi wake. Alichota kwa mwiko, akadondosha kiganjani, akalamba, kisha akatikisa kichwa kama hakimu. Alijivuna sana kwa ulimi huo, na kusema kweli alistahili.

Kanisani, lakini, alikaa benchi la nyuma. Aliishi na Efrazia miaka mingi, wakamzaa Petro, bila ndoa ya Kanisa, kwa hiyo wote wawili hawakuruhusiwa kukomunika, yaani kupokea mkate mtakatifu. Jumamosi moja Padre, aliyekuja kwa treni mara chache kwa mwaka, aliwaungamisha, akaibariki ndoa yao. Efrazia alilia kwa furaha mpaka kanga ikalowa. Kesho yake wangekomunika pamoja, na siku zile ilibidi mtu asile wala asinywe chochote tangu saa sita ya usiku.

Alfajiri Bernardo akapika uji wa kambi. Akachota, akalamba, akameza. Chumvi ilitosha. Ndipo alipokumbuka.

Na hakuna aliyemwona! Angeweza kufuta midomo akaenda zake altareni. Mimi ningekwenda, nisiwadanganye. Yeye alibaki benchi lile lile la nyuma, machozi yakimtoka, Efrazia akipiga magoti mbele peke yake.

"Umefanya nini tena, Baba Petro?" mkewe alimuuliza kwa hasira baada ya Misa.

"Nimeonja uji, Mama Petro."

Efrazia alimshika mkono, wakamfuata Padre. Wakamkuta akifunga mzigo wake. Treni ilikuwa karibu kufika, naye asingerudi mpaka masika yaishe.

"Padre, nimevunja mfungo," Bernardo alisema. "Sikukusudia, ila nimemeza."

Padre akaufungua mzigo.

"Treni na iende. Kesho nitasoma Misa nyingine hapa hapa. Lakini Bernardo, nakuomba, usishike mwiko."

Bernardo alicheka huku analia. Alfajiri ya kesho yake mwiko ukashikwa na Efrazia, naye kwa kuwa alifunga, hakuonja kitu.

Jumatatu asubuhi walipiga magoti bega kwa bega, wakakomunika, kisha wakaketi na Padre kunywa uji. Ulikuwa chumvi tupu. Kambi nzima ililalamika. Bernardo alimaliza bakuli lake, akaomba jingine.